Istilahi za Nyumba Janja: Tuanzie Wapi?

Kila chombo kigeni kiingiapo nchini huja na majina yake, na kazi ya kuyapokea, kuyachuja au kuyabadilisha huwaangukia wafasiri, walimu na watumishi wa umma. Siku hizi madukani mna balbu ziwashwazo kwa simu, vitasa vifunguliwavyo bila ufunguo, na kamera za mlangoni zinazompelekea picha mwenye nyumba aliye safarini. Vyote huuzwa kwa sifa moja: 'janja'. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sifa hiyo hutumiwa bila mpaka, na kwamba jambo hilo laweza kumtia hasara mnunuzi wa kawaida, na hata ofisi ya Serikali.

1. Mifano miwili ya Kizota

Kata ya Kizota, katika Jiji la Dodoma, yatupa mahali pazuri pa kuanzia. Huko yapo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Maghala marefu ya chuma yalipoanza kujengwa nchini, hayakuhitaji jina la kigeni. Yaliitwa vihenge vya kisasa. Kihenge ni neno la mkulima, la chombo cha kuhifadhia nafaka nyumbani. Umbo na ukubwa vimebadilika, lakini kazi ni ile ile. Kwa hiyo jina la zamani lilitosha.

Mfano wa pili umo katika nyumba zenye umeme, Kizota na kwingineko: mita ya LUKU. Jina hili ni kifupisho cha 'Lipa Umeme Kadri Utumiavyo', nalo limezoeleka hata wengi hulitumia bila kukumbuka kirefu chake. Mteja hununua umeme, hupewa tarakimu 20, naye huziingiza katika mita. Mwaka 2024 wateja walipewa makundi matatu ya tarakimu 20, yaani tarakimu 60, wayaingize kwa mfuatano. Sababu ni kwamba mfumo wa kimataifa wa mita hizo huhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya hesabu hiyo, dakika 16,777,216, ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba, 2024. Hapo maneno 'kwanza', 'pili' na 'tatu' yalikuwa na uzito mkubwa: mita ambayo haikurekebishwa isingepokea umeme mpya.

2. Daraja tatu za vifaa

Je, mita ya LUKU ya kuingiza tarakimu ni kifaa janja? Sivyo. Ili kulijibu swali hili kwa vifaa vyote, yafaa tutenganishe daraja tatu.

(a) Kifaa cha kujiendesha. Hiki hutenda chenyewe jambo moja lililopangwa kiwandani. Pasi hujizima ikifikia joto lake. Mita ya LUKU hukata umeme uniti zikiisha.

(b) Kifaa cha kuongozwa kwa mbali. Hiki hungoja amri ya mtu, ila mtu huyo si lazima awe karibu. Balbu inayowashwa kwa simu, bila uwezo mwingine, imo katika daraja hili.

(c) Kifaa janja. Hiki hupokea taarifa za mazingira yake, huzipima kwa masharti aliyoyaweka mtumiaji, kisha hutenda. Aidha huweza kuwasiliana na vifaa vingine. Taa iwakayo giza linapoingia endapo tu kuna mtu chumbani ni ya daraja hili.

Tofauti hizi si za kupendezesha kamusi. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulianza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, na majengo mengi yanaendelea kujengwa. Mtumishi akiandika katika zabuni 'taa janja' bila kufafanua, mzabuni aweza kuleta za daraja (b), akadai malipo ya daraja (c), na maneno ya mkataba yakamtetea.

3. Viungo vya kifaa

Tunapendekeza majina yatokane na kazi:

Kihisi: sehemu ipokeayo taarifa, kama vile joto, mwanga au mwendo.

Kidhibiti: sehemu ipimayo taarifa na kutoa amri.

Kitekelezi: sehemu itimizayo amri, kwa mfano injini ndogo ya kitasa. 'Kitendeshi' hakifai hapa, kwa kuwa neno hilo limekwisha kushika maana nyingine katika kompyuta.

Nywila: neno la siri la kuingilia katika mfumo. Maelekezo hayana budi kumwambia mtumiaji aibadili ile ya kiwandani siku ya kwanza.

4. Mambo ya kufafanuliwa kwa anayeanza

Mfasiri wa maelekezo asitosheke na kutaja vitufe. Kwanza, aeleze kifaa hufanya nini umeme ukikatika. Kitasa kisicho na ufunguo wa akiba chaweza kumfungia mtu ndani au nje, na sentensi moja iliyo wazi yaweza kumwepusha na balaa hilo. Pili, aeleze kama kifaa huhitaji intaneti wakati wote au wakati wa kukiandaa tu. Tatu, aseme bayana kama kamera 'huonyesha' tu au 'hurekodi', na picha huhifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imekwisha kutupa istilahi 'taarifa binafsi'. Na itumike hiyo hiyo.

5. Pendekezo

Wapo wanaolipinga neno 'janja' kwa kuwa lanukia ulaghai, nao wangependelea '-erevu' au 'mahiri'. Hoja yao ina msingi. Hata hivyo, 'simu janja' imekwisha kuenea, na istilahi iliyokubaliwa na watu haing'olewi kwa urahisi. Tunashauri 'janja' ibaki, lakini kwa daraja (c) peke yake. Walimu wazifundishe daraja hizi kwa kutumia vifaa ambavyo wanafunzi wanavyo nyumbani, na waandishi wa zabuni wataje kihisi, kidhibiti na kitekelezi wanavyovitaka. Mnunuzi ataweza basi kumwuliza muuzaji swali moja tu: kifaa hiki huhisi nini?