Saiti Yako, Jina Lako: Usingoje Lapi

Kuna kitu naona kwa mtaa na inaniuma kinoma. Msee anashona ndula za ngozi pale Kariokor, mboka safi, uzi umenyooka, shanga zimekaa fiti, lakini mteja wa Kisumu akimuuliza atacheki kazi yake wapi onlaini, anatumiwa picha moja moja kwa WhatsApp hadi anachoka. Mwingine ako na page kwa mitandao, picha za miaka mingi, wateja wote wamejaa hapo. Siku moja akaunti inafungwa, na hana mtu wa kupigia. Jasho yote imeenda. Ndio maana nasema kijana yeyote mwenye ako na ufundi anafaa kuwa na saiti yake, hata kama ni page moja, na aijenge na mikono yake.

Najua venye mtaniambia. Sina lapi. Sijasoma kompyuta. Hiyo ni ya wasee wa campo. Zii, wasee. Saiti ya kwanza kabisa kwa dunia, ile Tim Berners-Lee aliunda pale CERN, Uswizi, na watu wa nje wakaanza kuijua 1991, ilikuwa maandishi na linki peke yake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaachilia hiyo teknolojia bure, kila mtu aitumie bila kuomba ruhusa na bila kulipa. Wewe pia uko ndani ya hiyo "kila mtu".

Na hapa kwetu Januari 2008, wakati moto ya baada ya uchaguzi ilikuwa inachoma nchi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman waliseti saiti ya Ushahidi kwa siku chache tu, wananchi wakatuma ripoti za penye vurugu iko na zikaonekana kwa ramani. Ilienda hewani ikiwa bado mbichi, coz watu walikuwa wanaihitaji hiyo wiki, na baadaye ikatumika nchi nyingi za mbali.

Sasa tuingie kwa mboka yenyewe. Tuseme wewe ndio huyo fundi wa Kariokor.

Kabla uguse simu, tafuta karatasi na kalamu. Andika yale maswali wateja hukuuliza kila siku. Hii ni ngapi? Saizi ya mtoto iko? Nikitoka tao nashukia wapi? Unatuma hadi Eldoret? Ikikatika kamba utanirekebishia? Manze, hayo maswali na majibu yake ndio saiti yako. Wasee wengi huanza na maneno makubwa, "karibu kwa kampuni inayoongoza", na hiyo story hakuna mtu amewahi kuisoma hadi mwisho. Mteja wako ako kwa mathree, amenunua bando ya mbao, anataka kujua bei kabla ashuke. Mpee bei. Kuna mafundi wanaficha bei wakidhani mteja atapiga simu kuuliza. Mimi naona wengi hawapigi, wanasonga tu kwa msee mwenye ameandika. Kama kila ndula ni tofauti, andika inaanzia ngapi na inafika ngapi.

Picha nazo, piga mchana nje, kando ya ukuta msafi, ndula ikiwa imevaliwa. Mtu anataka kuona mguu wa binadamu ndani. Na penye uko, andika vile ungemwelekeza mtu kwa simu: ukishuka stage gani, upite wapi, uulize nani. Ramani ya Google ni poa, lakini ndani ya soko yenye vibanda vimeshikana, maelezo ya mdomo yanashinda.

Ukishajua utasema nini, kuandika ni rahisi kuliko venye watu hutisha. Unahitaji faili moja, jina lake index.html, herufi ndogo zote, coz hiyo ndio seva nyingi hutafuta kwanza mtu akifungua saiti. Ukiwa na simu ya Android, kuna programu ya bure inaitwa Acode, unaandika hapo hapo na unaona matokeo. Ukiwa na lapi, ama ukiingia saiba, VS Code pia ni ya bure. HTML inaambia brauza kila kitu ni nini: h1 ni kichwa kikubwa, p ni aya, img ni picha, a ni linki. CSS ndio luku, yaani rangi, saizi ya maandishi, nafasi kati ya vitu. JavaScript achana nayo kwanza, page ya ndula haiihitaji. Kusoma ni bure pia: freeCodeCamp, W3Schools na MDN ziko na masomo ya kutoka sufuri, na ukishika vitu vya hizo wiki za kwanza, unaweza kusimamisha page ya maana.

Kuna laini moja ya HTML sitaki usahau, ile ya viewport, width=device-width. Bila hiyo, simu inafikiri page ni ya kompyuta kubwa, inaiminya hadi maandishi inakuwa kama sisimizi. Wateja wako karibu wote wako kwa simu, kwa hivyo hapo ndio unajenga kwanza.

Halafu weka linki ya WhatsApp. Inaandikwa https://wa.me/ ikifuatwa na namba yako kuanzia 254, bila ile sufuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha. Mteja anabonyeza, mazungumzo inafunguka, mnaanza kubonga bei. Ya kupiga simu ni tel: ikifuatwa na +254 na namba. Kwa mauzo ya mtaa, hizi linki mbili zinafanya kazi kuliko duka lote la mtandaoni lenye kikapu na mambo mob. Malipo anza na namba ya Till, iandike wazi. Safaricom walifungua Daraja 2017, na kupitia hapo saiti inaweza kuitisha M-Pesa moja kwa moja kwa simu ya mteja, lakini hiyo inataka programu inayokaa kwa seva na siri za kulindwa. Utafika huko ukiwa na oda nyingi.

Tubonge uzito wa picha, coz hapa ndio saiti nyingi za Bongo na Nairobi zinaumiza watu. Simu za siku hizi hupiga picha moja ya MB tatu, nne, hata tano. Ukiweka sita hivyo zilivyo, umemwambia mteja achome MB ishirini ndio aone ndula. Hiyo ni doo yake, buda. Ingia Squoosh, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya brauza, punguza upana hadi pikseli kama 1200, save kama WebP, na mara mob picha itashuka chini ya KB 200 bila jicho kuona tofauti. Mimi nahesabu hiyo kama heshima kwa mteja.

Na majina ya faili: herufi ndogo, hakuna nafasi katikati. Kompyuta ya Windows haioni tofauti kati ya Ndula.JPG na ndula.jpg, lakini seva nyingi zinatumia Linux, na Linux inaona hizo ni faili mbili tofauti. Ndio maana picha huonekana poa kwa lapi yako halafu zinakataa ukishaweka saiti hewani.

Kuiweka hewani ni bure pia. Netlify wako na page unaburuta folda yako na kuiangusha hapo, na saiti inafunguka na anwani yenye inaisha na netlify.app. Fungua akaunti ndio isifutwe. Cloudflare Pages pia iko sawa. GitHub Pages ni kali kwa kuonyesha kazi zako ukisaka job, lakini masharti yao yanakataa kuitumia kama hosti ya bure ya kuendesha biashara, kwa hivyo duka lipeleke kwingine. Ile kufuli ya HTTPS unapata bila kulipa. Msee akikuitisha ngiri kadhaa ya "kufunga SSL", mwulize kwanza kama amewahi kusikia Let's Encrypt, wenye wanatoa vyeti vya hiyo kufuli bure tangu 2015.

WordPress nayo, ile programu ya kujenga saiti? Iko tangu 2003, na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya saiti zote. Kama utakuwa unaandika stori mpya kila wiki, ni form. Kwa page moja ya ndula ni mzigo, itabidi uisasishe kila saa ndio isivunjwe na wezi.

Sasa domeni, yaani jina la saiti yako kwa mtandao, na hapa nataka unisikize poa. Domeni za ke zinasimamiwa na KeNIC, na unanunua kupitia kampuni zenye KeNIC imekubali. Ya co.ke ni ya biashara, me.ke ni ya mtu binafsi, or.ke ni ya mashirika. Kabla ulipe, cheki bei ya mwaka wa pili, coz ofa ya mwaka wa kwanza huwa tamu na ile ya kurenew inakuja ikiwa imepanda. Chagua jina fupi, lenye msee akilisikia ndani ya nganya na ngoma iko juu anaweza kuliandika bila kuuliza. Maneno ya Sheng yanaandikwa kila mtu na venye anajua, kwa hivyo ukitumia moja, chukua yenye haina njia mbili za kuandikwa.

Halafu isajili kwa jina lako. Imeli yako, simu yako, akaunti yako. Mafundi wengi wameumizwa hapa. Jamaa anakuja, anakujengea saiti, anasajili domeni kwa jina lake "ndio mambo iende haraka". Mwaka ukiisha anakuitisha mara tatu, ama simu haishikwi kabisa, na jina lenye umeandika kwa vibandiko, kwa mifuko na kwa ukuta wa kibanda liko mikononi mwa mtu mwingine. Hata kama unamlipa msee akujengee, na si vibaya kumlipa, domeni nunua wewe mwenyewe, halafu umpee ruhusa ya kuingia bila kumpea paswadi yako. Funga akaunti na uthibitisho wa hatua mbili. Ukiunganisha domeni na hosti, inaweza kuchukua hadi saa 48 kusambaa kote, usianze kubadilisha vitu ukidhani umeharibu.

Kabla utangaze, peana simu kwa mathe ama shosho, ile Android kuukuu yenye skrini imepasuka, mkiwa nje kwa jua. Mwambie atafute bei ya ndula ya mtoto, halafu nyamaza. Maandishi ya kijivu kwa nyeupe haisomeki kwa jua, utaona venye anafinya macho. Penye amekwama ndio penye wateja watakwama.

Ukiweka fomu ya watu kujaza majina na namba, jua Kenya iko na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Chukua tu kile unahitaji kutuma ndula. Namba ya kitambulisho ya mtu ya nini?

Na andika venye unaongea. Sheng iko hadi na kamusi yake mtandaoni, sheng.co.ke, na domeni yake ni ya hapa nyumbani. Kama wateja wako ni wa Eastlando, waongeleshe Kieastlando. Ukitaka kuuzia watalii, ongeza page ya Kizungu kando.

Leo jioni andika hayo maswali ya wateja kwa karatasi, na wiki hii saiti iende hewani hata ikiwa na picha moja. Domeni ikishaingia kwa jina lako, weka tarehe ya kurenew kwa kalenda ya simu, na paswadi usipee mtu, hata awe beshte yako wa damu.