Mgeni wa Sahani Ndogo: Mlo wa Aliyepasuliwa Kupunguza Uzito

Jamaa wa Rasbura, pale Lindi mjini, wampokeapo ndugu yao aliyerudi kutoka Ulaya au Uarabuni baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, aghalabu hawashangazwi na kukonda kwake, kwani hilo walikwisha kuliona katika picha za simu, bali hushangazwa na kumwona ameketishwa mbele ya sinia la wali wa nazi na changu wa kupaka, akala matonge matatu manne, akaomba maji ya kunawa. Na maadamu kwa ada za pwani mgeni asiyekula ama ni mgonjwa ama ana kinyongo, minong'ono huzuka jikoni kabla hajatokea mtu wa kumwuliza.

Hana kinyongo; ni tumbo lake lililopunguzwa. Utabibu huu si wa jana wala juzi, kwani mwaka 1966 Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, alianza kuitenga sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kukipitisha chakula njia ya mkato hadi katika utumbo mwembamba, na kifuko kinachobakizwa kwa njia hiyo leo huanza kwa mililita 30 hivi, hakipati hata ujazo wa kikombe cha kahawa cha barazani. Baadaye ikazuka namna ya pili, ambayo hukata na kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko, ukasalia kama mrija. Nayo hapo awali ilikuwa hatua ya kwanza tu kwa wagonjwa wazito mno, hata madaktari walipoona kuwa wengi iliwatosha peke yake. Pamoja na nyama iliyokatwa huondoka sehemu kubwa ya chembe zitoazo ghrelini, homoni ya njaa ambayo wataalamu wa Kijapani waliitambulisha mwaka 1999, ndiyo maana mgeni wetu asemapo hana hamu huwa hasemi kwa maringo. Na asichanganywe na yule aliyewekewa puto tumboni pale Hospitali ya Mloganzila, kwani puto si upasuaji, nalo hutolewa baada ya miezi kadhaa.

Baada ya kisu hufuata daraja za chakula: kwanza maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa, mtindi na uji mwembamba, kisha vilivyopondwa, kisha vilivyo laini, na chakula kigumu hakiingii hata ipite wiki ya sita au ya nane. Katika haya pwani yetu si fukara. Kipande cha changu kilichochemshwa, kikachambuliwa miiba kwa vidole na kupondwa kwa mgongo wa kijiko katika mchuzi mwepesi, ndicho kitu hasa atakacho mtu anayetafuta gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Kadhalika choroko na mbaazi zilizopondwa, mradi tui liwe jepesi. Lakini ugali wa muhogo hunata, wali huvimba, ming'oko ina nyuzi, na pweza, tunayemsifu kwa nguvu, hutafunika kwa shida hata kwa mwenye tumbo zima. Mgeni wetu apewe supu ya pweza tu. Halua ndiyo mbaya kuliko vyote kwa aliyepitishiwa njia ya mkato: sukari hushuka utumboni kwa ghafla, moyo ukaenda mbio, jasho likamtoka, akaharisha.

Wala mlo wenye masharti si jambo geni kwetu. Mzazi aliye katika arobaini hupikiwa uji wa pilipili manga, hukatazwa hiki na kuruhusiwa kile, na hakuna jirani anayemnunia. Ila mzazi hushindiliwa, ilhali mgeni wetu kushindiliwa ndiko kunakomdhuru, na lile neno letu la taadhima, "ongeza kidogo, hujala," humtapisha. Afadhali apewe sahani yake ndogo mapema, kisha akae na wenzake kwa mazungumzo. Na maji asiletewe pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye.

Ramadhani ina mashaka yake. Huyu hawezi kugugumia maji wakati wa futari ili kufidia ya mchana, kwani hunywa kwa funda ndogondogo kutwa nzima. Nayo sharia imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine, basi asikilize daktari wake kabla ya kunuia.

Vidonge vya chuma, kalsiamu, vitamini B12 na D ni vya maisha, hata akinawiri namna gani. Na akitapika siku kadhaa mfululizo asiachiwe tangawizi na dua pekee: apelekwe hospitali ya mkoa, Sokoine, na barua yake ya upasuaji, daktari aambiwe wazi tumbo limefanywa nini, ili apewe vitamini B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari.