NANI ALIMTUPA MWENZETU?



Siku ya kurudi masomoni kiisha likizo, wengi wetu tulikuja juu ya kamiyo iliyopakia magunia ya maharagi. Karibu na kijiji kimoja mbuzi aliruka mu barabara, shofere akakanyaga freni kwa nguvu, na mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, aliyeketi juu kabisa, akapita juu ya kabine na kuanguka mbele. Tunamshukuru Mungu, ni mkono tu ulivunjika. Lakini tangu siku ile mabishano hayaishi mu interna. Wamoja wanasema: « Shofere njo alimutupa. » Wengine: « Hapana, ni freni. » Kuna hata aliyesema ni upepo! Sisi wa mwaka wa tano tunasema kama hakuna aliyemtupa. Na tutaeleza.

Tuseme kamiyo ilikuwa inaenda kilometre 36 kwa saa, ni kusema metre 10 kila segonde. Kijana yeye alikuwa ameketi kimya, anakula muhindi yake. Hata hivi, yeye pia alikuwa anaenda metre 10 kila segonde, pamoja na muhindi. Freni zikashika magurudumu, barabara ikazuia magurudumu, kamiyo ikasimama. Na kijana, nani alimshika? Gunia aliloketi juu yake lilimsugua kidogo tu, haikutosha. Basi akaendelea na mwendo ule ule aliokuwa nao. Kamiyo njo ilibaki nyuma yake.

Hiyo njo inaitwa inersia: kila kitu kinalinda hali yake. Kilichosimama kinabaki kusimama, na kinachoenda kinaendelea kwenda, sawasawa na bila kupinda, mpaka nguvu kutoka inje ikibadilishe.

Nusu ya kwanza hakuna anayeikataa. Ni nusu ya pili inatushinda, kwa sababu tumezoea kufikiri kama kitu kinachoenda ni lazima kisukumwe wakati wote. Ukiacha kupiga pedali, kinga inasimama, si vile? Hata Aristote, mwenye hekima wa Wagiriki, alifundisha namna hiyo, na watu wakamfuata miaka karibu elfu mbili. Galileo wa Italia njo alionyesha kosa, mu kitabu chake cha 1638. Aliangalia mipira ikitelemka mahali pa mteremko na kupanda ngambo ingine. Akaona kama njia ikiwa laini zaidi, mpira unaenda mbali zaidi. Na kama njia ingekuwa tambarare bila kusugua hata kidogo, hakuna kitu kingeusimamisha. Kwa hiyo kinga haisimami kwa sababu imekosa nguvu. Inasimama kwa sababu kuna nguvu inayoizuia: udongo, hewa, na grisi iliyokauka mu magurudumu. Newton, Mwingereza, aliiweka kuwa sheria ya kwanza ya mwendo mu 1687.

Mwenye mashaka ajaribu mwenyewe. Weka kipande cha jalada ya kaye juu ya kikombe, na juu yake kizibo cha chupa ya limonadi. (Wazee wetu walitumia feza ya chuma ya makuta, sisi tuna noti tu, kizibo kinatosha.) Piga jalada kwa kidole, mbio: jalada inaenda, kizibo kinaanguka ndani ya kikombe. Sasa vuta polepole: kizibo kinafuata, kwa sababu jalada imepata wakati wa kukibeba.

Tena, masi ikizidi, inersia inazidi. Walio na jamaa Goma wanajua tshukudu, ile kinga ya mbao. Tuseme mtu na tshukudu yake ni kilo 100, wanaenda metre 5 kwa segonde mahali pa tambarare, na freni, kile kipande cha mpira anachokanyaga juu ya gurudumu, inatoa nguvu ya nyutoni 100. Atasimama kiisha metre 12 na nusu. Mumuongezee kilo 400 za viazi, freni ni ile ile: atahitaji metre 62 na nusu. Na hapo ni tambarare. Mu mteremko, uzito wenyewe unamsukuma pia. Njo maana akipiga kelele « Piisha! », mpishe.

Turudi kwa mwenzetu. Kugonga kitu kwa metre 10 kwa segonde ni sawa na kuanguka toka juu ya mti wa metre 5. Kamiyo ikienda kilometre 72 kwa saa, mbio imezidi mara mbili, lakini mti unakuwa wa metre 20, mara nne! Ndiyo sababu tunaomba wenzetu wasipande juu ya mizigo. Afazali kuketi chini, mgongo kwa ubao wa mbele: freni ikishika, ubao unakusimamisha pamoja na kamiyo. Lakini angalieni nyuma yenu pia. Magunia yana inersia yao. Yasipofungwa kwa kamba yatakuja mbele na kuwafinya kwa ule ubao.

Mwenzetu amerudi mu kalasi. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko, tusiseme.

Swali kwa wa mwaka wa tatu: kamiyo inaenda kilometre 54 kwa saa. Mti ni wa metre ngapi? Majibu mtie mu kisanduku cha buletini, mbele ya Siku ya Posho.