Kusoma kwa Mbali katika Nyanda za Juu za Kusini

Mnamo tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ya Tanzania iliamuru shule zote za awali, za msingi na za sekondari zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kesho yake vyuo navyo vikafungwa. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, ambayo ina shule nyingi za bweni, wanafunzi walifunga masanduku yao wakatawanyika. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo waliitwa tena tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Kwa muda wa miezi mitatu na zaidi, basi, mabweni yalikuwa matupu, na kazi ya kusoma ikahamia jikoni, barazani na shambani.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kusoma kwa mbali kulivyokuwa katika Nyanda za Juu za Kusini, si katika mwaka huo tu, bali tangu zama za posta na redio. Kisha nitazame kazi walizozifanya wanafunzi na matunda yaliyopatikana. Neno nitakalolishikilia ni moja, nalo ni hili: kusoma kwa mbali hufaulu si kwa nguvu ya chombo kinachopeleka somo, bali kwa njia inayorudisha jibu la mwanafunzi. Palipo na njia hiyo mwanafunzi huendelea. Isipokuwapo, husikiliza tu, na kusikiliza peke yake si kusoma.

Maneno yenyewe

Lugha yetu imekwisha kupata maneno kadhaa ya jambo hili. Zamani ilisemwa "masomo kwa njia ya posta", na neno hilo lilitaja chombo. Likaja "elimu ya masafa", au kwa kifupi "elimu masafa", lililotaja umbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1992 na ambacho kina vituo katika mikoa yote miwili tunayoizungumzia, kililieneza neno "huria", yaani hali ya mwanafunzi kujipangia saa zake mwenyewe. Siku hizi watu husema "kusoma mtandaoni".

Neno masafa lafaa kutazamwa kidogo. Maana yake ya asili ni mwendo ulio kati ya mahali na mahali. Lakini watangazaji wamelitumia pia kwa mawimbi ya redio, ndipo tukawa na masafa mafupi na masafa ya kati. Kwa hiyo neno lile lile lataja kizuizi na lataja pia chombo cha kukivuka. Msomaji ataona, hata hivyo, ya kuwa katika maneno yote hayo hakuna hata moja linalotaja jibu la mwanafunzi. Upungufu huo wa maneno umekuwa pia upungufu wa vitendo.

Posta, redio na vikundi

Waliotutangulia waliujua umuhimu wa jibu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo asili yake ni tawi la masomo ya nje la Chuo cha Makerere lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1960, iliendesha masomo kwa njia ya posta tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mwanafunzi wa Tukuyu au wa Mufindi alipelekewa kijitabu. Mwishoni mwa kila somo palikuwa na mazoezi. Aliyajibu kwa mkono wake, akayatia katika bahasha, akayapeleka posta. Mwalimu aliyasahihisha, akaandika maneno ya kumwonya au kumtia moyo, akayarudisha. Barua ilikawia njiani, lakini ilirudi, na mwanafunzi alijua ya kuwa yuko mtu aliyeisoma kazi yake.

Redio ilikuwa na shida nyingine, kwa kuwa husema lakini haisikii. Shida hiyo ilitatuliwa kwa vikundi. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka wa 1973, watu wapatao milioni mbili nchini kote walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa majuma kumi na mawili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa kazi yake na vijitabu vya Kiswahili. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa, watu wakajadiliana, kisha wakaazimia jambo la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Choo kilichochimbwa ndicho kilichokuwa jibu la somo, na kila mpita njia aliweza kukiona.

Njia hizo mbili ziliunganishwa baada ya Azimio la Musoma la mwaka wa 1974, lililotaka watoto wote wapate elimu ya msingi. Walimu hawakutosha. Kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kujifunza ualimu sehemu iliyobaki, kwa vijitabu, kwa redio, na kwa msaada wa wakufunzi waliowazungukia katika shule zao. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Watu wamebishana sana juu ya ubora wa elimu waliyoitoa, lakini hapana shaka ya kuwa kusoma kwao kwa mbali hakukuwa kusoma kwa upweke.

Milima na mawimbi

Yafaa tukumbuke nchi yenyewe ilivyo. Redio nyingi za siku hizi husikika kwa mawimbi ya FM, ambayo huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa, wala hayapindi kuufuata mgongo wa mlima. Masafa mafupi na masafa ya kati, yaliyotumiwa sana wakati wa "Mtu ni Afya", hufika mbali zaidi, ingawa sauti yake si safi. Rungwe ni mlima wa mita karibu 2,960, na pande zake zina vijiji vingi vilivyojificha mabondeni. Mufindi nako ni vilima na misitu. Nyumba mbili za kijiji kimoja zaweza kupishana: ya juu ikapata sauti safi, ya bondeni ikapata mkwaruzo tu. Mitambo ya simu nayo huzuiwa na vilima hivyo hivyo. Mtoto wa bondeni, basi, hakukosa somo kwa uvivu.

Kazi za wanafunzi mwaka wa 2020

Shule zilipofungwa, vipindi vya masomo vilitangazwa kwa redio na televisheni, na Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa na vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Misaada hiyo ilikuwa mizuri, lakini karibu yote ilikuwa ya upande mmoja. Njia ya kurudi iliachwa mikononi mwa shule moja moja, na ya mzazi mmoja mmoja.

Waliokuwa na njia hiyo walifanya kazi nyingi. Kulikuwa na walimu waliotuma mazoezi kwa simu za wazazi. Mwanafunzi aliyajibu daftarini, ukurasa ukapigwa picha ukarudishwa. Wengine walichapa mazoezi kwenye karatasi, mzazi akayachukua na kuyarejesha. Huo ni utaratibu wa posta wa miaka ya 1970, isipokuwa jibu lilifika siku ile ile. Mahali pengine kaka au dada wa sekondari alikuwa mwalimu wa wadogo zake, na katika kuwafundisha alijifunza upya mambo aliyodhani ameyajua.

Kazi iliyoonekana kwa macho ya wote ni kibuyu chirizi. Hiki ni kidumu cha plastiki kilichotobolewa tundu na kuning'inizwa juu ya mti ulazwao kati ya panda mbili. Kamba hushuka kutoka shingoni mwake hata kwenye kijiti kilicho chini. Mtu akikanyaga kijiti, kidumu huinama, maji huchirizika, wala mkono wake haugusi kitu ila maji na sabuni. Mtoto anayekitengeneza hujifunza habari za nyenzo na egemeo pasipo kufungua kitabu, na tena huilinda nyumba yake. Jibu la namna hii halina tofauti na kile choo cha mwaka wa 1973.

Wala tusisahau shamba. Miezi hiyo ndiyo ya majani mengi ya chai huko Rungwe na Mufindi, na mwisho wake ndio mwanzo wa kuvuna mahindi Iringa. Watoto wengi walifanya kazi za mikono kutwa. Wako wanaosema ya kuwa huko ni kupoteza masomo, nao wana haki katika sehemu moja, maana mtoto aliyechoka hasomi jioni. Lakini Iringa ina kumbukumbu ya kutufikirisha. Mwaka wa 1928 ilifunguliwa shule ya Malangali, ambako W. B. Mumford alijaribu kuyaingiza maisha ya nyumbani ndani ya shule, hata wazee wakaitwa kuwafundisha wanafunzi mila na habari za kale. Mwaka wa 2020 mambo yaligeuka, shule ikaingia nyumbani. Kama mtoto angaliambiwa apime shamba la baba yake, ahesabu debe za mahindi, au aandike masimulizi ya bibi yake, kisha pawe na mwalimu wa kuisoma kazi hiyo, shamba lingalikuwa darasa.

Lugha ya nyumbani na lugha ya somo

Hapa tunafika penye jambo linalokihusu Kiswahili hasa. Tangu mwaka wa 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, ilhali sekondari masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Katika nyumba za Rungwe watu husema Kinyakyusa, Iringa Kihehe, na pande za Mbeya Kisafwa na nyinginezo. Lakini Kiswahili hujulikana karibu kila mahali. Mtoto wa darasa la tano alipokuwa akisikiliza somo redioni, mama yake aliweza kusikiliza pamoja naye, akamwuliza, "Amesema nini huyu?" na mtoto akaeleza. Swali hilo la mama ndilo lililokuwa njia ya kurudisha jibu.

Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili akisoma fizikia kwa Kiingereza, mama alinyamaza. Hakukosa akili wala hamu, alikosa lugha tu. Shule ilipokuwa wazi kimya hicho hakikuonekana, kwa kuwa mwalimu alikuwapo. Ilipofungwa kilikuwa kizuizi kikubwa kuliko mlima Rungwe. Wala si kweli ya kuwa maneno ya kueleza sayansi hayapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Kilichokosekana ni karatasi moja ya Kiswahili kwa kila somo, ya kumwambia mzazi: somo la leo ni hili, mwulize mtoto maswali haya matatu.

Matunda na namna ya kuyapima

Watu hupenda kupima matunda kwa mitihani. Kidato cha sita walipata majuma manne tu shuleni kabla ya mtihani wao ulioanza tarehe 29 Juni, na waliofaulu walikuwa asilimia 98.35. Katika mtihani wa kidato cha nne, ulioanza tarehe 23 Novemba, waliofaulu walikuwa asilimia 85.84, kutoka asilimia 80.65 ya mwaka wa 2019. Tena shule iliyokuwa ya kwanza nchini ilikuwa ya huku huku, St Francis Girls ya Mbeya.

Matokeo hayo ni ya kujivunia, lakini tusiyatumie kuthibitisha yasiyothibitika. Shule hiyo ilikuwa ya kwanza mwaka wa 2018 pia, na ya pili mwaka wa 2019. Sifa yake haikuzaliwa na kufungwa kwa shule. Tena mtihani wa kidato cha nne, ambao kwa kawaida huanza mapema Novemba, ulisogezwa mbele, na wanafunzi walikuwa wamekwisha kurudi kwa walimu wao kwa miezi karibu mitano. Zaidi ya hayo, mtihani hupima waliouketia, wala hauna habari za aliyeacha shule. Wakati ule msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Ruhusa ilitolewa Novemba 2021. Kwa wasichana wa namna hiyo, masomo ya nje ya shule yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima yalikuwa ndio mlango uliobaki wazi.

Yatupasayo

Shule zaweza kufungwa tena, kwa maradhi, kwa mafuriko, au kwa jambo tusilolijua bado. Siku hiyo ikifika, swali la kwanza lisiwe: tutapelekaje somo? Redio, simu na karatasi tunazo. Liwe: jibu la mtoto litarudi kwa nani, na kwa lugha gani? Kila kijiji kina mwalimu, au mstaafu, au kijana aliyemaliza sekondari, awezaye kukusanya madaftari mara moja kwa juma na kuyasoma. Kila shule yaweza kuandaa mapema karatasi za Kiswahili za mzazi. Hayo hayahitaji fedha nyingi, yanahitaji kupangwa kabla ya shida kufika. Mtoto wa bondeni, ambaye sauti ya redio humfikia nusu, atavumilia mengi akijua ya kuwa Ijumaa yuko mtu atakayelifungua daftari lake na kulisoma.