Bustani ya Shule na Ulimi wa Mtoto

Wazazi wengi wanaotuandikia huuliza kama bustani ya shule itamfanya mtoto anayesukuma kando kila kilicho kijani aanze kula mboga, na aghalabu swali hilo hufuatana na dhana, ambayo sichoki kuikanusha, kwamba mtoto wa namna hiyo ana mchango tumboni. Mnyoo hachagui baina ya wali na mgagani. Kichaguacho ni ulimi, nao una hoja yake.

Hoja yenyewe ni uchungu. Mgagani, kabichi na sukuma wiki zina viasili vya salfa ambavyo, maadamu jani ni zima, hukaa mbali na kimeng'enya kinachovivunja. Jani likitafunwa viwili hivyo hukutana, ukazuka ule ukali ambao mmea umejiwekea uwe silaha dhidi ya wadudu. Wala binadamu hawakujaliwa kuuonja sawasawa: mwaka 1931 Arthur Fox, mkemia wa Marekani, alitimua vumbi la kemikali maabarani, mwenzake akalalamikia uchungu ilhali yeye hakuhisi kitu, na leo twajua kwamba tofauti hiyo hurithiwa, sehemu yake kubwa kwa jeni iitwayo TAS2R38, na kwamba mtoto aweza kuuhisi uchungu huo zaidi ya mama aliyemrithisha.

Kiushindacho si mahubiri wala fimbo, bali mazoea: kijiko kidogo, mara 8, pengine hata 15, pasipo kulazimishwa.

Hapo ndipo bustani ifaapo, au isipofaa. Katika shule 23 za London, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walieleza mwaka 2014 kwamba kulima peke yake hakukuongeza mboga sahanini ila kidogo mno. Lakini katika shule 16 za Austin, Texas, ambako bustani ilifuatana na masomo ya kupika na kuonja, na wazazi nao wakafundishwa, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha ongezeko la karibu nusu ya kipimo cha mlo mmoja kila siku. Kwetu Tanzania shamba la shule, lililopewa hadhi na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mahali pengi liligeuka kuwa adhabu. Basi ataupendaje mchicha yule aliyeumwagilia kwa kosa la kuchelewa, kisha ukaishia chunguni kwa mwalimu?

Pandeni mchicha, maana huvunwa baada ya wiki chache. Watoto wenyewe wauchume, waupike, wauonje. Tui la nazi au karanga hufifisha uchungu, na mafuta yake husaidia mwili kupokea vitamini A. Ndimu nayo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana, kwa kuwa kibichi kina sumu. Ama yule auzaye unga wa mlonge akidai waponya maradhi 300, mwambieni ayataje moja moja; na sharubati ya kumtia mtoto hamu ya kula, isiyoandikwa kilichomo, mrudishieni mwenyewe.