Kadi na vijisanduku vya zawadi: Usitupe karatasi, ni riziki

Na Mwandishi Wetu

KUTOA ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hunijia akilini kila ufikapo muhula wa tatu, wakati wazazi wanapofurika katika maduka ya vitabu wakitafuta kadi za kuwatakia watoto wao heri katika mtihani wa KCSE. Yuko mzazi anayenunua kadi kubwa inayotoa muziki ikifunuliwa. Yuko pia anayeishika, akaitazama bei, akairudisha polepole mahali pake na kujifanya amesahau jambo fulani nje.

Jirani yangu mmoja hapa Nakuru, mama wa watoto watatu, alikuwa miongoni mwa hao wa pili mnamo 2018. Kazi yake ya kushona ilikuwa imekwisha miezi minne awali, na kifungua mimba wake alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni. Akipiga hesabu ya kadi, hapati nauli ya matatu ya kwenda kumwona binti. Akiweka nauli, hapati kadi. Usiku huo alichukua kipande cha karatasi ya manila kilichobaki katika kazi ya shule ya mwanawe mdogo, akakikunja, akabandika juu yake ua alilolikata kutoka kwa kibaki cha kitenge, kisha ndani akaandika maneno yake mwenyewe.

"Niliipeleka nikiwa na haya," aliniambia. "Nilijua wenzake wamepata za dukani."

Binti hakusema lolote siku hiyo. Lakini alipofunga shule na kurudi nyumbani na sanduku lake, mama alipata kadi ileile imefungwa vizuri ndani ya leso ya mkononi, katikati ya nguo. Zile za dukani alizoletewa na wajomba hazikuwemo.

Hapo ndipo biashara ilipoanzia. Wenzake wa chama waliiona kadi ile, wakamwomba awatengenezee zao. Leo hii anauza kadi za harusi, za siku ya kuzaliwa na za shukrani, pamoja na vijisanduku vya kutilia zawadi. Hata hivyo, msomaji, usidhani mambo yalimnyokea tangu mwanzo. Nitakueleza alivyopoteza, ili wewe usipotee.

KADI ILITOKA WAPI?

Kutumiana salamu kwa maandishi ni desturi ya kale, lakini kadi ya Krismasi ya kuuzwa madukani ilitokea London mwaka wa 1843. Mwingereza Henry Cole alikuwa na rafiki na jamaa wengi wa kuwajibu barua, na wakati haukumtosha. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja, nayo ikapigwa chapa nakala zipatazo 1,000. Kadi moja iliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa siku zile hangeimudu. Kwa hivyo, mama anayeshangazwa na bei ya kadi leo asijione wa kwanza.

Siku hizi salamu nyingi hupita katika simu, na zawadi nyingi hutumwa kwa M-Pesa. Ni jambo jema, kwani huwahi. Lakini ujumbe wa simu hausimamishwi juu ya kabati la sebuleni, wala haufichwi ndani ya leso. Isitoshe, tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, watu wamezoea kufungia vitu katika karatasi. Mwenye kuuza shanga, sabuni, kahawa au keki ndogo anahitaji kitu nadhifu cha kutilia mali yake.

VIFAA

Huhitaji mashine. Tafuta makasi makali, rula ya chuma, wembe, penseli, peni iliyokwisha wino, gundi na karatasi ya manila. Kwa pambo, mwombe fundi wa cherehani vibaki vya kitenge. Maua ya uani pia yafaa: yatie katikati ya magazeti, uyaweke chini ya vitabu vizito kwa wiki mbili, nayo yatakauka bapa bila kukunjamana. Majani makavu ya mgomba, yakipigwa pasi ya moto wa wastani yakiwa katikati ya karatasi mbili, hulainika na kukatika vizuri kwa makasi. Kwa kuwa yana rangi za hudhurungi za aina nyingi, unaweza kuumba picha ya nyumba, mtumbwi au mama aliyebeba mtungi bila kutia rangi yoyote.

KUTENGENEZA KADI

Karatasi ya manila ya sentimita 51 kwa 64 hutoa kadi tisa. Kata vipande vya sentimita 21 kwa 14.8. Pima katikati ya ule upande mrefu, weka rula, kisha pitisha ile peni isiyo na wino ukikandamiza kiasi. Alama hiyo ndiyo inayofanya kadi ikunjike wima bila kupasukapasuka. Ukishaikunja, utapata kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8.

Kabla ya kukata zote, jaribu kipande kidogo. Karatasi ina uelekeo wake kama ubao. Ikikunjwa kwa kufuata nyuzi zake hutii, ikikunjwa kwa kuzikata huvunjika na kuacha nyufa. Bahasha iwe na ukubwa wa sentimita 11.4 kwa 16.2 ili kadi iingie bila kusukumwa.

Pambo lisizidi. Ua moja lililobandikwa vyema hupendeza kuliko maua saba yanayogombania nafasi. Na maneno ya ndani ndiyo kadi yenyewe. Usinakili ya dukani. Mtaje mwenyewe kwa jina na umwambie jambo ambalo wewe pekee ungelimwambia.

KIJISANDUKU CHA ZAWADI

Kata manila mraba wa sentimita 18 kila upande. Kutoka kila ukingo, pima sentimita nne kwenda ndani na upige mstari kwa ile peni. Utaona mraba wa sentimita 10 katikati. Hicho ndicho kitako. Sasa tazama pande mbili zinazokabiliana. Katika kila upande kata ile mistari miwili midogo ya pembeni, mpaka ifike kwenye pembe ya kitako, usipite hapo. Kunja kuta zote nne, pinda vile vipande vya pembeni viingie ndani, uvitie gundi na uvibane kwa vibanio vya nguo mpaka vikauke.

Kifuniko hutengenezwa vivyo hivyo, ila mraba wake uwe wa sentimita 16.3 na mistari iwe sentimita tatu kutoka ukingoni. Kitakuwa na upana wa sentimita 10.3. Zile milimita tatu ndizo zinazokifanya kishuke bila kukwama. Wengi huzisahau, wakaishia na vifuniko viwili visivyofunikana.

KARATASI YAKO MWENYEWE

Anayetaka kadi ya kipekee anaweza kujitengenezea hata karatasi. Chukua madaftari ya zamani, toa pini zote, yararue vipande vidogo na uviloweke usiku kucha. Asubuhi vitwange katika kinu kikuukuu mpaka viwe kama uji. Umimine katika karai pana la maji na uukoroge. Tengeneza fremu ndogo ya mbao iliyowambwa wavu wa kuzuia mbu, itumbukize, iinue ikiwa imelala sawasawa na uache maji yachuruzike. Kisha igeuze juu ya kitambaa, ukikamue kwa sponji na uinue fremu. Funika kwa kitambaa kingine, kandamiza kwa ubao, halafu anika kivulini.

Ukitaka kuchanganya nyuzi za mgomba, kata shina vipande vya sentimita mbili na uvichemshe kwa maji yenye magadi kwa saa kadhaa mpaka vilainike, kisha uvisuuze mara nyingi kabla ya kutwanga. Lakini jihadhari! Usitumie sufuria ya alumini, kwa maana magadi huila. Tumia debe kuukuu, wala usilirudishe katika mapishi. Vaa glavu, na watoto wakae mbali.

ALIPOPOTEZA JIRANI YANGU

Kasoro ya kwanza ilikuwa gundi. Ili asitumie pesa, alipika ya unga wa ngano: vijiko viwili vya unga vilivyokorogwa kwa maji baridi kidogo, kisha kikombe kimoja cha maji yanayochemka, akakoroga motoni mpaka ikawa laini. Ni gundi nzuri mno. Tatizo ni kwamba alitengeneza kadi 60 kwa pupa, akazifunga kabla hazijakauka, akaziweka chini ya kitanda msimu wa mvua. Alipozifungua alikuta ukungu, na zilizosalimika zilikuwa zimetafunwa na mende, kwani kwao huo ni ugali. "Nililia," alisema, "maana niliahidi karo kwa kadi hizo."

Leo hupika gundi ya siku hiyohiyo, huipaka nyembamba, huacha kadi zikauke siku mbili na kuziweka katika kopo la bati lenye kifuniko. Kazi ya kukaa muda mrefu huitilia gundi nyeupe ya dukani.

Kasoro ya pili ilikuwa bei. Alihesabu hivi: karatasi Sh5, bahasha Sh4, gundi na pambo Sh6, jumla Sh15. Akauza kadi kwa Sh30 na kufurahia faida ya Sh15. Lakini kila kadi ilimchukua dakika 20. Maana yake ni kwamba kwa saa nzima ya kuinamisha shingo alipata Sh45! Hakuwa amejilipa. Bei za kwenu huenda zikawa tofauti, lakini hesabu ni ileile: andika gharama ya vifaa, ongeza thamani ya muda wako, kisha ongeza cha mwenye duka iwapo yeye ndiye atakayekuuzia. Usipofanya hivyo, utachoka bila kujua ni kwa nini huna kitu.

Tatu, usitengeneze rundo kabla ya kupata mnunuzi. Peleka vielelezo vitano kwa mwenye duka, kwa kamati ya harusi au kwa chama chako, uchukue oda pamoja na malipo ya kwanza. Na kabla ya kutuma kadi za mtihani, uliza shule inakubali nini na lini.

Biashara hii haijamjengea jirani yangu nyumba ya ghorofa. Anasema inamlipia kodi ya nyumba katika miezi mizuri, na katika miezi mibaya inanunua unga. Yule binti amekwishamaliza chuo, naye kadi yake angali nayo. Mwaka jana alimtumia mama yake kadi siku ya kuzaliwa. Aliitengeneza mwenyewe, na kunjo lilikuwa limepinda.

"Nilimwambia atumie rula," mama aliniambia akicheka. Kisha akaenda kunionyesha mahali alipoisimamisha, juu ya kabati, mbele ya vikombe vyote vya wageni.