Kipande cha DNA kihamahamacho chawafaa watafiti wa nzi

UKIACHA ndizi mbivu mezani siku mbili tatu, hukosi kuona nzi wadogo wenye macho mekundu wakiizunguka. Wengi huwafukuza kwa mkono. Wanasayansi nao huwafuga kwa maelfu chupani, kwani nzi huyo, Drosophila melanogaster, hutoka yai hadi kukomaa kwa takriban siku 10, na jeni nyingi zinazohusishwa na maradhi ya binadamu zina mfano wake mwilini mwake.

Ili kujua kazi ya jeni, mtafiti huiharibu kisha akatazama nzi amepungukiwa na nini, mithili ya fundi wa umeme azimaye swichi moja moja. Zamani eksirei na kemikali ndizo zilizotumika. Uharibifu ulipatikana, lakini kuipata jeni yenyewe iliyoharibika kuliweza kuchukua miaka.

Msaada ulitokana na balaa. Katika miaka ya 1970 ilibainika kuwa madume waliokamatwa porini, wakipandishwa kwa majike wa koo za kale za maabarani, huzaa watoto wengi tasa. Chanzo kilikuwa kipande cha DNA kiitwacho P, chenye herufi zipatazo 2,900, kinachojikata na kujipachika kwingine. Kilitoka kwa nzi wa spishi nyingine, Drosophila willistoni, na kuenea porini katika karne ya 20. Koo za maabarani, zilizotengwa mapema, hazikuwa na kinga dhidi yake.

Mnamo 1982, Gerald Rubin na Allan Spradling wa taasisi ya Carnegie mjini Baltimore, Marekani, walipachika jeni ya rangi ya macho ndani ya kipande hicho, wakakidunga katika mayai ya nzi wenye macho ya hudhurungi. Baadhi ya wajukuu walizaliwa na macho mekundu.

Tangu hapo mgeni huyo akawa mtumishi. Kimeng'enya kinachokihamisha kipande huondolewa, kisha hutolewa kwa muda kupitia nzi mwingine anayepandishwa naye. Kizazi kisichorithi kimeng'enya hicho hubaki na kipande kilichotulia. Rangi ya macho humwonyesha aliyekibeba, na kwa kuwa herufi za P zinajulikana, mtafiti huanzia hapo kusoma za jirani yake na kuitambua jeni iliyovurugwa. Maelfu ya koo za namna hii huhifadhiwa Bloomington, jimboni Indiana.

Hata hivyo, P huchagua: hupenda kutua karibu na mianzo ya jeni, na nyingine huziruka kabisa. Ndipo vikatumiwa pia vipande vingine, kama vile piggyBac na Minos.

Kwa mbu P hakikufua dafu. Minos, kilichotoka kwa nzi Drosophila hydei, ndicho kilichotumika mwaka wa 2000 kubadili jeni za Anopheles stephensi, mwenezaji wa malaria barani Asia. Mwaka wa 2023 ilitangazwa kuwa mbu huyo ameonekana Kenya.